Kiti cha Geneva na Kaburi la Mberu

Mama yake alimwacha ale kwanza. Kuei-lan alikuwa ameondoka Taipei alfajiri, akapanda treni mpaka Kaohsiung, kisha basi mpaka Meinong, akafika nyumbani saa nane mchana na njaa ya kweli. Alipewa bakuli la tambi pana za mchele na mboga ya haradali iliyochachushwa. Akala akiwa amesimama karibu na jiko, kama alivyozoea tangu utotoni, mpaka mama akamvutia kiti. Hapo akajua kuna neno.

“Mwaka wa sita umetimia,” alisema mama yake, Man-mei. “Kaka yako inabidi aokotwe.”

Kwa Wahakka, kabila lao, mtu hazikwi mara moja. Huwekwa ardhini, akaachwa miaka sita au saba udongo umalize kazi yake, kisha hufukuliwa, mifupa ikafutwa mmoja mmoja na kupangwa ndani ya mtungi, miguu chini, fuvu juu, akae kama alivyokaa tumboni mwa mama yake. Ndipo hupelekwa kwenye kaburi la ukoo alale na watu wake. Asiyeokotwa ni kama mtu aliyesimama nje ya mlango wa watu, hajakaribishwa wala hajafukuzwa.

Kaka yake, An-fu, alikuwa amesimama nje huko Mberu, Afrika. Alikwenda na timu ya kilimo ya serikali kuwafundisha watu mpunga wa mabondeni, na mwaka 1985, akiwa na miaka ishirini na tisa, malaria ikamchukua kwa siku nne. Wakamzika hukohuko siku ileile, maana joto halikuwapa nafasi ya kufikiri.

“Nimemwota tena,” Man-mei aliendelea. “Amesimama kwenye mlango wa banda la kukaushia tumbaku. Namwambia ingia. Ananiuliza, mlango ni upi? Namwonyesha. Ananiuliza tena.”

“Mama, ni ndoto.”

“Najua ni ndoto. Nimesema nimemwota.”

Mama alikuwa ameshakwenda ofisi ya mji mara tatu. Dirisha la kwanza walimpeleka la pili, la pili wakamrudisha la kwanza. Kijana mmoja akamuuliza jina la nchi, naye akajibu Afrika, maana ndivyo Meinong yote ilivyosema, kana kwamba Afrika ni kitongoji nyuma ya kilima. Wote wa dirishani wakacheka.

“Akaniambia, mama, Afrika si nchi. Nikamwambia hata wewe hujafika, kwa hiyo tuko sawa.” Man-mei hakucheka. “Ila barua nimeandikiwa na mwalimu, nimempelekea Peng, mwenzake wa timu, kulekule. Peng amejibu. Anasema mkuu wa wilaya ya kule hana neno, ameshatia sahihi yake, ni kijana mwema. Kilichobaki ni ruhusa ya Taipei. Na wewe uko Taipei.”

“Mimi ni mpiga chapa, mama.”

“Unapiga chapa za nani?”

“Za serikali.”

“Basi.”

Mzee Chung, baba yake, aliyekuwa akisokota sigara pembeni, akasema bila kuinua macho, “Sisi wawili hatuwezi kumwendea. Mzazi hampigii mwanawe goti. Ni wewe tu uliyebaki.” Kisha, kama mtu anayebadilisha mazungumzo, akauliza, “Na kile kiti chenu cha huko Uzunguni kimefika wapi? Jamaa wanaonunua tumbaku wanasema mkikipata, sigara za nje zitaingia kama mafuriko na tumbaku yangu nitalishia nguruwe.”

“Sijui, baba. Mimi naandika barua tu.”

“Unaandika vizuri, lakini,” alisema baba yake.

*

Kazi ya Kuei-lan ilikuwa kwenye chumba kimoja cha ghorofa ya nne, katika ofisi ambayo watumishi wenyewe waliiita kwa mzaha Chumba cha Kuomba. Kutoka pale zilitoka barua kwenda kwa nchi rafiki, kuzisihi ziseme neno zuri Geneva, ili Taiwan ipewe kiti cha mwangalizi kwenye baraza la biashara la dunia. Kiti cha mwangalizi hakina kura. Mwenye kukikalia anasikiliza, na akiruhusiwa anasema. Hata jina la nchi lilikuwa limeachwa mlangoni, kwenye barua waliandika “Eneo la Pekee la Forodha”, na kufuatiwa na orodha ya visiwa. Siku za kwanza Kuei-lan alikuwa akikosea, akiandika jina lenyewe, na mkuu wake analizungushia duara jekundu taratibu, kama anayemsahihisha mtoto.

Alikuwa ameajiriwa kwa mkataba kwa sababu ya Kifaransa chake. Alikisoma kwa sababu An-fu alikuwa akimwandikia kadi kutoka Mberu zenye maneno mawili matatu ya Kifaransa, akimtania kwamba hayajui.

Mkuu wa kitengo, Bwana Tso, alikuwa mtu mpole mwenye kikohozi kisichoisha. Kuei-lan alimpelekea chai, akaiweka mezani, akabaki amesimama.

“Sema, Binti Chung.”

Akasema. Bwana Tso alimsikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

“Pole. Nilikuwa sijui kwamba yule ni kaka yako. Nimeliona jina lake kwenye orodha ya waliofia kazini.” Akakohoa. “Sasa nisikilize. Balozi wa Mberu ameahidi kuwa wa tatu kusimama kutusemea. Wa tatu, si wa ishirini. Kwa sasa kila tunachofanya kule kinatazamwa. Watu wakituona tunafukua makaburi watafikiri nini?”

“Watafikiri mama yangu anamtaka mwanawe.”

“Watafikiri tunahama. Anayekusanya mifupa yake ni mtu anayefunga mizigo. Mimi na wewe tukiwa marafiki, halafu nikuone unawatoa hata wafu wako nyumbani kwangu, nitajiuliza umesikia nini.” Alisema hivyo bila ukali. “Kikao kikipita, mimi mwenyewe nitasimamia. Nitaandika kwa mkono wangu. Mwambie mama miezi michache. Amesubiri miaka sita.”

Kuei-lan akainama, akachukua kikombe cha jana kilichokuwa kimesahauliwa dirishani, akatoka nacho. Alipofika ngazini alisikia mtu nyuma yake akipiga mluzi kwa kuvuta pumzi ndani, namna ambayo ni An-fu peke yake aliyeijua, akiwa anatafuta kitu alichokiweka mwenyewe. Aligeuka. Ngazi zilikuwa tupu, jua la saa nne limezijaa.

*

Simu ya maandishi iliingia Jumanne ya mwisho ya mwezi wa tano. Ilitoka kwa mtu wao aliyekuwa kwenye ubalozi wao kule Mberu, ikinukuu maneno ya Kifaransa ya ofisa fulani wa kule, na ndiyo maana ikapelekwa kwa Kuei-lan aitafsiri. Waziri wa Mberu alikuwa ameruka kwenda Beijing kimyakimya. Ilitazamiwa kwamba uhusiano utavunjwa ndani ya siku kumi. Timu ya kilimo isiambiwe, ili wenyeji wasije wakajua kwamba Taipei inajua. Huenda bado kuna la kuokoa.

Aliisoma mara moja, akaipiga chapa, akaisoma tena kwenye karatasi safi. Bwana Tso alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake.

“Hii haitoki humu,” alisema.

“Ndiyo.”

“Ulitia sahihi kiapo mwaka ule ulipoanza kazi.”

“Nakumbuka.”

Akaichukua karatasi, akasita. “Bado tuna siku kumi. Nchi inaweza kubadili nia mara mbili ndani ya siku kumi.” Ilionekana alitaka kuongeza kitu kuhusu An-fu, lakini kikohozi kikamshika, akaondoka nacho.

Haikuwa kazi ngumu, jambo lililotakiwa kufanywa. Mke wa Peng alikuwa anakaa Meinong, nyumba ya nne kutoka kwa akina Chung, na Peng alikuwa akimpigia simu kila Jumamosi. Kuei-lan angemwambia yule mwanamke neno moja tu: mwambie mumeo amwokote An-fu wiki hii. Asingehitaji hata kueleza. Peng angeelewa, angekwenda na watu wawili na majembe, na mkuu wa wilaya alishatia sahihi.

Jioni hiyo, baada ya kazi, alipiga simu nyumbani kutoka posta, kama kila Jumanne.

“Umekula?” mama aliuliza.

“Nimekula. Mvua imenyesha huko?”

“Imenyesha. Mpunga umelala upande wa mferejini. Wamesemaje?”

Nyuma yake kulikuwa na foleni ya watu watatu. Mmoja alikuwa askari kijana aliyeshika sarafu zake mkononi. Kuei-lan alimtazama askari, na kwa sababu asiyoweza kuieleza akamwogopa.

“Wamesema baada ya kikao.”

“Kikao ni lini?”

“Bado kidogo, mama.”

“Haya. Vaa koti, Taipei kuna mvua.”

Jumamosi ilifika, ikapita. Alijiambia kwamba kiapo ni kiapo. Alijiambia kwamba wengine wanaweza kufungwa, kwamba Bwana Tso angepoteza kazi, kwamba mwezi wa saba mkataba wake ungegeuzwa kuwa ajira ya kudumu. Yote hayo yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililomlaza. Ofisini vidole vyake vilikosea kosa lilelile. Mahali pa kuandika “rafiki” aliandika “kaka”. Maneno hayo hayafanani kwa Kifaransa wala kwa Kichina. Alikuwa akifuta, akaandika upya, na ule mluzi wa kuvuta ndani ulikuwa ukipita kwenye korido, unasimama mlangoni, haugongi.

Siku ya tisa, saa sita mchana, redio ya mhudumu wa chai ilitangaza kwamba Mberu imevunja uhusiano. Timu ya kilimo ilipewa saa sabini na mbili, kila mtu na sanduku moja.

*

Peng alikuja Meinong mwishoni mwa mwezi wa sita, siku ya Jumapili, akiwa amevaa shati jipya lenye mikunjo ya dukani. Alikuwa mtu mnene enzi zile, lakini sasa ukosi ulimpwaya. Kuei-lan alikuwa amekuja kwa mapumziko. Walikaa wanne sebuleni, chini ya picha za mababu. Picha ya An-fu haikuwa humo, kwa kuwa mahali pake palikuwa hapajapatikana. Ilikuwa chumbani, juu ya kabati, imefunikwa kitambaa.

“Mama, mzee, nimekuja mikono mitupu,” Peng alisema.

“Kunywa chai,” alisema Mzee Chung.

“Siku tatu zile walitufungia kituoni. Askari mlangoni. Walisema ni kwa usalama wetu. Nilimwomba yule mkuu wa wilaya, akaja akasimama nje ya uzio, akalia. Alisema, Peng, ruhusa niliyokupa ilikuwa ya wakati ule, sasa nikikupa nitakwenda jela.” Alikipokea kikombe kwa mikono miwili, hakunywa. “Makaburi yako nusu saa kwa baiskeli. Mimi nilikuwa naona miti yake kutoka dirishani.”

“Si kosa lako,” alisema Man-mei.

“Wiki moja, mama. Ningejua wiki moja mapema, ningemwokota. Mtungi nilikuwa nimeshanunua kule sokoni, wa maji, lakini safi. Kitambaa chekundu ninacho. Hata mwavuli wa kumkinga na jua ninao. Niko tayari tangu mwezi wa nne, nasubiri Taipei.” Akamgeukia Kuei-lan, bila ubaya wowote. “Dada, hivi kweli huko juu hawakujua? Mambo kama yale huja ghafla hivyo?”

Hakuna aliyemlazimisha. Angeweza kusema hakujua, na Peng angeamini, na mama angeamini kuliko Peng. Kuei-lan alitazama mikono yake.

“Walijua,” alisema. “Mimi nilijua. Niliipiga chapa.”

Peng aliweka kikombe chini.

“Lini?” mama aliuliza.

“Siku tisa kabla.”

“Siku gani?”

“Jumanne.”

Man-mei alikaa akihesabu, si kwa vidole, kwa macho, yakipita sakafuni kutoka pembe hii hadi ile. “Jumanne ile,” alisema hatimaye, “uliniuliza kama mvua imenyesha.”

“Ndiyo, mama.”

“Nikakwambia uvae koti.”

Mzee Chung akasimama, akatoka nje. Walimsikia akiukokota mlango wa banda la tumbaku, akaufunga, akaufungua tena. Peng aliomba ruhusa ya kuondoka. Man-mei alimsindikiza mpaka barabarani, akamshukuru, akampa furushi la mboga ya kuchachusha ampelekee mkewe. Aliporudi alipita mbele ya binti yake kama anayepita mbele ya nguzo, akaingia jikoni.

Tangu siku ile hakumsemesha. Hakumtukana, hakumfukuza. Kuei-lan akipiga simu, mama anaipokea, anasikia sauti, anamkabidhi mzee. Akija nyumbani anakuta bakuli lake limewekwa mahali pake na chakula kiko moto. Mama alikuwa akisema na ukuta: “Chumvi imekwisha.” “Kesho watu wa maji wanakuja.” Ukuta haukujibu, na Kuei-lan aliyejibu hakusikiwa.

*

Kiti kilipatikana mwezi wa tisa wa mwaka uliofuata. Bwana Tso alinunua keki, akazikata mwenyewe kwa rula. Watu wa ghorofa ya tano walishuka, na hata wale waliokuwa wakikicheka Chumba cha Kuomba waliingia kushikana mikono.

“Sasa tunaruhusiwa kusikiliza,” alisema Bwana Tso, macho yamemlowa kwa furaha au kwa kikohozi.

Kuei-lan alikuwa akifunga majalada. Kwenye lile la Mberu ilikuwamo barua ya ahadi ya balozi wao, na chini yake nyingine fupi ya kuifuta ile ya kwanza. Aliuliza, kwa sababu ilibidi aulize, “Mberu ingesimama kutusemea, ingebadilisha kitu?”

Bwana Tso alifikiri kwa uaminifu. Ndivyo alivyokuwa. “Hapana,” alisema. “Mwishoni wakubwa walikubaliana wenyewe kwa wenyewe. Hakuna aliyehesabu nani alisimama wa tatu.” Ndipo akakumbuka alikuwa anasema na nani. Akaiweka keki yake chini, akasimama wima mbele ya yule mpiga chapa, akainama chini kabisa, mbele za watu wa ghorofa ya tano. Hao hawakujua kwa nini.

Kuei-lan naye akainama. Mwisho wa mwezi aliacha kazi.

*

Ilimchukua miezi saba kupata hati ya kuingia Mberu. Kwenye fomu palikuwa na mahali pa kuandika nchi, na kwenye orodha ya karani wa ubalozi wa Mberu mjini Paris, alikokwenda kuiomba, nchi yake haikuwamo. Karani alikuwa mwanamke wa makamo mwenye haraka ya kwenda kula. Alimuuliza kama angependa awe raia wa China. Kuei-lan alisema hapana. Akamuuliza, basi wewe ni wa wapi? Mwishowe waliandika neno “utalii” kwa herufi kubwa, na mahali pa nchi wakaacha wazi.

Kule makao ya wilaya, mkuu wa wilaya alikuwa mwingine. Alimpokea vizuri, akamwagizia soda.

“Kufukua si shida, bibie. Shida ni karatasi. Kusafirisha mabaki ya raia wa kigeni nahitaji muhuri wa ubalozi wake.”

“Hatuna ubalozi hapa.”

“Najua.”

“Kwa hiyo?”

“Kwa hiyo nakuonea huruma,” alisema yule mtu, na ilionekana kweli anamwonea. “Bila muhuri, uwanja wa ndege watafungua begi lako, wataona fuvu la mtu. Utawaeleza nini? Nenda kamwone. Kumwona hakuhitaji muhuri.”

Aliyempeleka alikuwa mzee mmoja mrefu aitwaye Ansumana, aliyekuwa msimamizi wa mashamba siku za timu. Alimpakia nyuma ya baiskeli kwa nusu saa, wakipita kwenye mashamba ya mpunga yaliyonyooka mno, mistari ya mkono anaoujua. Makaburi yalikuwa chini ya miti. Jiwe la An-fu lilikuwa safi, nyasi zimekatwa fupi, na pembeni mtu alikuwa ameacha ufagio.

“Tunafagia kila mwezi wa nne,” Ansumana alisema kwa Kifaransa. “Alituambia kwao wanafagia mwezi wa nne. Tukasema basi, na yeye afagiliwe.”

Kuei-lan akapiga goti, akafanya yote aliyotakiwa kufanya, udi, mchele, pombe kidogo ardhini. Hakulia. Alikuwa amekausha kitu ndani yake kwa muda mrefu, na hakikulainika kwa kuona jiwe.

Ndipo nyuma yake mtu akasema kwa Kihakka, “Umekula?”

Haikuwa Kihakka cha mgeni. Kilikuwa cha Meinong, cha nyumba yao, neno la mwisho limevutwa chini kwa uvivu kama An-fu alivyokuwa akilivuta akitoka shambani. Nywele zilimsimama. Aligeuka polepole, akamkuta Ansumana amekaa kwenye mzizi, anatabasamu kwa aibu.

“Alinifundisha,” alisema Ansumana, amerudi kwenye Kifaransa. “Jioni, tukiosha majembe. Nimesahau mengi.”

“Sema ulichobaki nacho. Tafadhali.”

Mzee akafumba macho, akasema. Alihesabu hadi kumi. Akasema mvua inakuja. Akasema maji yamezidi, ziba mfereji. Akasema wewe mvivu kama nyati wa mjomba wangu, na Kuei-lan akashika mdomo, kwa kuwa nyati huyo alimjua. Kila neno lilitoka na pumzi ya An-fu, na kituo cha An-fu, na kule kukwaruza kooni alikokuwa nako akiwa amechoka.

“Kuna moja la mwisho,” Ansumana alisema. “Hili alikuwa akilisema peke yake, siku zote, akivua viatu mlangoni. Nilimuuliza maana yake, akasema ni la kuingilia nyumbani tu.”

Akalisema. Kuei-lan akamwomba alirudie. Akalirudia. Akamwomba tena, mpaka jua likahama kwenye jiwe, na yule mzee hakuchoka wala hakuuliza kwa nini.

*

Alifika Meinong mchana, ameshika begi moja. Baba yake alikuwa kwenye benchi nje, akalitazama begi, akatazama ukubwa wake, akaondoa macho. Msimu huo alikuwa ameacha tumbaku nusu shamba. Humo alipanda maharage.

“Mama yako yuko jikoni,” alisema.

Kuei-lan alivua viatu mlangoni. Mama alikuwa amempa mgongo, anakatakata vitunguu vya majani, na kisu hakikusimama.

“Sikumleta,” Kuei-lan alisema. “Hawakukubali. Nimemwona tu.”

Kisu kiliendelea.

“Kuna mzee kule anasema kama yeye. Kaka alimfundisha. Kulikuwa na neno alilokuwa akilisema kila siku akirudi pale walipolala.”

Kisu kikasimama. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka miwili, mama yake alisema naye, ingawa bila kugeuka. “Liseme kama alivyolisema huyo mzee.”

Kuei-lan akapumua. Akalitafuta kooni, lile kwaruzo, ule uvivu wa mwisho wa neno, akalitoa taratibu, na halikuwa na sauti yake hata kidogo.

“Mama, nimerudi.”

Man-mei hakugeuka. Alikusanya vitunguu kwa ubapa wa kisu, akavimimina kwenye supu, akafunika sufuria, akafuta mikono kwenye aproni, mkono mmoja kisha mwingine.

“Umechelewa,” alisema. “Nawa mikono ule.”